Kupima mtafiti wa afya: nukuu zahesabiwaje, na ushirikiano wasomwaje

Kamati za afya za kaunti, iwe Kilifi au Lamu, huletewa maombi ya miradi ya utafiti yakiwa na wasifu wa mtafiti. Ndani ya wasifu huwa mna nambari: makala kadhaa, nukuu kadhaa (yaani mara ambazo makala za wengine zimezitaja), na "h" ya kiasi fulani, kipimo kinachounganisha hizo mbili. Nambari hizo zina kazi yake, lakini husomwa vibaya, na wanaoumia zaidi ni watafiti chipukizi wa Pwani.

Kabla ya kuhesabu chochote, hakikisha makala ni za mtu mwenyewe. Hapa ndipo penye makosa mengi, na majina yetu huyazidisha. Tuseme mtafiti aitwa Mohamed Said Omar. Makala moja itamwandika Mohamed, nyingine Mohammed, ya tatu Muhammad. Jarida hili litamweka chini ya Omar, lile chini ya Said. Hifadhidata itamgawa kuwa watu watatu, au itamchanganya na daktari wa Misri mwenye jina kama lake. Mwanamke aliyebadili jina baada ya kuolewa hupoteza kazi zake za awali vivyo hivyo. Dawa yake ni ORCID, kitambulisho cha bure kilichoanza mwaka 2012 chenye tarakimu 16 (ya mwisho yaweza kuwa herufi X, na si kosa). Jisajili, weka tahajia zote za jina lako kwenye sehemu ya majina mengine, kisha chagua tahajia moja na usiiache tena. Jina la taasisi nalo liandikwe vile vile kila mara. Likibadilika, kazi ya Malindi huenda ikahesabiwa kwa chuo cha mbali.

Chanzo cha hesabu nacho kitajwe. Hifadhidata zinazohesabu nukuu ni kadhaa. Google Scholar hukusanya hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo nambari zake huwa kubwa, na wakati mwingine rasimu iliyowekwa mtandaoni na makala yenyewe huonekana kama kazi mbili. Scopus huchuja majarida na hulipiwa. OpenAlex, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya bure. Kumlinganisha mtu aliyepimwa Google Scholar na mwenzake aliyepimwa Scopus ni kumdhulumu mmoja wao.

Sasa h yenyewe. Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, aliipendekeza mwaka 2005: mtafiti ana h ya 5 akiwa na makala 5 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 5. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 90, 41, 17, 9, 6, 5, 2. Shuka ukihesabu nafasi. Makala ya tano ina nukuu 6, inatosha. Ya sita ina 5, haitoshi. Basi h ni 5. Makala ya kwanza ikipanda kutoka 90 hadi 900, h itabaki 5 ile ile. Tena h haishuki kamwe, hata mtu akiacha kazi, kwa hiyo humpendelea mzee dhidi ya kijana. Na haijui tofauti ya fani: wanaochunguza saratani ni wengi na hunukuuana sana, ilhali wanaochunguza kichocho ni wachache.

Kwa sababu hiyo tumia kipimo kinacholinganisha makala na wenzake. Taasisi za Afya za Marekani, NIH, zina zana ya bure iitwayo iCite. Chukua PMID, yaani nambari ya utambulisho ya kila makala katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ibandike humo, nawe utapata uwiano: 1 ni sawa na makala ya katikati miongoni mwa zile zilizofadhiliwa na NIH, 2 ni maradufu yake. Scopus nayo ina kipimo chake, ambapo 1 ni wastani wa dunia kwa fani hiyo, mwaka huo na aina hiyo ya makala. Lakini hicho huhesabu nukuu za mwaka wa kuchapishwa na mitatu inayofuata tu.

Dirisha hilo la miaka minne ladhuru utafiti wa kwetu. Chikungunya ilipozuka Lamu mwaka 2004, watu 288 walipimwa damu na asilimia 75 wakakutwa na kinga ya ugonjwa huo. Makala ilichapishwa mwaka 2008, dirisha likafungwa 2011. Ugonjwa uliingia Karibi mwishoni mwa 2013. Mtafiti yeyote wa huko aliyerejea kazi ya Lamu kutoka hapo, nukuu yake haimo katika kipimo.

Kiwango cha umaarufu wa jarida (impact factor) kiacheni kabisa. Hupima jarida, si mtu, na Azimio la San Francisco la mwaka 2012, tamko kuhusu namna ya kutathmini utafiti, limekataa kitumiwe kuajiri au kupandisha cheo. Nukuu pia si sifa peke yake. Makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilinukuliwa mno, nyingi zikiwa za kuipinga, ikafutwa mwaka 2010.

Ushirikiano unataka jicho kali zaidi. Katika makala za tiba, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa, wa mwisho ndiye kiongozi, na walio katikati mchango wao hutofautiana sana. Zipo makala zenye waandishi mamia. Jina moja humo haliwezi kuwa sawa na jina moja kati ya wanne. Chora jedwali la safu nne: makala, idadi ya waandishi, walio na anwani ya Kenya, na aliyekaa kwanza na mwisho. Mradi uliochukua sampuli Pwani kwa miaka kumi huku Wakenya wakibaki katikati ya orodha daima una kasoro, hata kama nukuu zake ni maelfu. Kamati ina haki ya kuuliza nani ataandika, nani atachambua data, na nani anasomeshwa. Soma pia aya ya michango mwishoni mwa makala, maana majarida mengi sasa hutaja nani alikusanya sampuli na nani aliandika.

Unapoandika tathmini, weka tarehe uliyopima, hifadhidata uliyotumia, mwaka wa makala ya kwanza ya mtafiti, na nukuu alizojinukuu mwenyewe zikiwa zimetengwa. Ambatisha makala tatu alizochagua yeye, na mtu mmoja wa kamati azisome.