Mali ya hisani ni ya nani? Udhamini na wakfu, Dar es Salaam

Ukisikia kiwanja cha msikiti, zahanati ya kanisa au jengo la Yanga pale Jangwani liko chini ya wadhamini, usidhani kuna watu wamelinunua. (Hapa hatumzungumzii mdhamini wa kifuani mwa jezi.) Mdhamini anaishika mali kwa ajili ya shughuli iliyotajwa, basi. Hawezi kuiuza akajenga kwake Mbezi, na akifa wanawe hawana urithi ndani yake.

Pwani jambo hili lilijulikana zamani kwa njia ya wakfu. Kanuni yake inatokana na shamba la Umar bin Khattab, sahaba wa Mtume, kule Khaybar, Arabuni: mali yenyewe haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, kinachogawiwa ni mapato yake. Aliyeweka wakfu hutaja manufaa na msimamizi. Sheria ya Kiingereza ya udhamini ilikuja na Waingereza, walipoanza kutumia sheria zao Tanganyika mwaka 1920. Tangu hapo njia hizo mbili zinatembea pamoja mjini, mara nyingine juu ya nyumba ileile.

Kuna njia ya tatu: kuikabidhi serikali. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, alitoa fedha za hospitali iliyofunguliwa Dar mwaka 1897, mwaka aliofariki. Katikati ya miaka ya 1950 huduma zilihamia Hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Jina la Sewa Haji limebaki kwenye jengo la wodi, na ndugu wa wagonjwa huelekezana "yupo Sewahaji" bila kujua ni nani. Ukitoa namna hiyo, mpokeaji ndiye anayeamua kesho ya mali hiyo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kutaka bodi ya wadhamini iliyosajiliwa.

Bodi yenyewe inatokana na sheria ya usajili wa wadhamini ya mwaka 1956, sasa Sura ya 318 ya sheria za Tanzania. Tatizo lililokuwepo ni hati kuandikwa majina ya watu: mzee mwaminifu anafariki, familia inafungua mirathi, na kiwanja cha madrasa kinaorodheshwa pamoja na kitanda na baiskeli ya marehemu. Sheria ikaruhusu kundi la wadhamini kuwa mtu mmoja mbele ya sheria, mwenye mhuri wake, anayeweza kushtaki na kushtakiwa, na asiyekufa hata wajumbe wake wakifa. Anayesajili ni Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali, ambaye tangu 2006 yuko ndani ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Usajili wa chama chenyewe ni kitu kingine. Jumuiya ya dini inasajiliwa Mambo ya Ndani, wakati kiwanja chake kinasimama kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA. Wengi wana karatasi moja wakadhani wamemaliza.

Ugomvi hauanzii kwenye sheria, unaanzia kwenye orodha ya majina. Chukua jumuiya yoyote yenye kiwanja Kariakoo. Walioandikwa ni watano: wawili wamefariki, mmoja kahamia Tanga, na hakuna aliyepeleka mabadiliko. Uchaguzi unafanyika, upande ulioshindwa unaitisha mkutano wake, na kila upande unafika RITA na muhtasari wake uliogongwa mhuri. Benki inazuia akaunti, wapangaji wa maduka hawajui kodi wamlipe nani, na ukutani panaandikwa kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi".

Siasa nayo inaweza kuingia. Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku mwaka 1968, BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa mwaka huohuo na mali zikahamia kwake. Wapo Waislamu wanaolijadili jambo hilo hadi leo, wakiuliza: nia ya aliyetoa ilikwenda na mali, au ilibaki nyuma?

Kwa anayetaka kutoa leo, aombe kuona cheti cha usajili wa wadhamini na majina yaliyopo RITA sasa hivi, siyo ya mwaka bodi ilipoundwa. Hati ya utoaji itaje matumizi kwa maneno ya wazi: "zahanati", siyo "maendeleo". Na cheti cha RITA hakileti nafuu ya kodi. Kutambuliwa kama taasisi ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kunaombwa TRA, na bila uamuzi wa Kamishna kodi ya mapato ya yale maduka inadaiwa kama ya mfanyabiashara mwingine yeyote.