Ninavyozisikiliza filamu, kutoka M hadi The Zone of Interest

Kazi yangu ni sauti. Narekodi mazungumzo kwenye seti za tamthilia na filamu hapa Dar es Salaam, kisha nashinda studio nikiyasafisha na kuyachanganya na sauti nyingine. Ndiyo maana mtu akiniuliza filamu gani nzuri, nampa ile ambayo hata akifumba macho atajua yuko wapi. Kwa kipimo hicho, filamu kubwa kuliko zote nilizoziona miaka hii ya karibuni ni The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, iliyotoka 2023.

Inahusu familia ya Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz, walioishi kwenye nyumba nzuri iliyotenganishwa na kambi kwa ukuta tu. Mauaji hatuonyeshwi hata mara moja. Tunaona bustani, watoto wanaogelea, mama anamnusisha maua mtoto mchanga. Lakini nyuma ya hayo kuna muungurumo mzito usiokatika, na ndani yake risasi, mbwa, treni, mtu anapiga yowe halafu kimya. Johnnie Burn, aliyezibuni sauti hizo, alikusanya ushahidi wa walionusurika pamoja na ramani kubwa ya kambi, ili ajue kila sauti ingesafiri umbali gani na kurudisha mwangwi wa namna gani.

Hapo watu wa fani yangu tunavua kofia. Risasi ya mbali si risasi ya karibu iliyopunguzwa sauti. Sauti nyembamba ndizo zinazokufa kwanza njiani; nzito ndizo zinazofika, tena zimechanganyika na mwangwi wa kuta. Ukichukua mlio wa karibu ukaushusha tu, sikio la mtazamaji litakataa, hata kama mwenyewe hawezi kueleza kwa nini.

Kuna mahali mtoto wa kiume anacheza peke yake chumbani. Kutoka nje zinasikika kelele: mfungwa amekamatwa akigombania tufaha, na amri inatoka akazamishwe mtoni. Mtoto anaenda dirishani, anachungulia, anarudi na kusema kwa sauti ya chini kwamba asirudie tena. Kamera haijatoka chumbani. Mwongozaji mwingine angetupeleka mtoni, tukaona, tukahuzunika, tukaendelea na mengine. Hapa mto tunautengeneza wenyewe kichwani, na hauondoki. Machi 2024 Oscar ya sauti ilipokwenda kwa Burn na Tarn Willers nilifurahi kama niliyeshinda mimi.

Ujuzi huu si wa jana. M ya Fritz Lang, inayohusu muuaji wa watoto, ilitoka 1931, ikiwa filamu yake ya kwanza yenye sauti, na tayari mambo yamo. Mama anamngoja binti yake arudi kutoka shule, anaanza kumwita: Elsie! Elsie! Sauti inapita kwenye ngazi ambazo hazina mtu, kwenye dari ya kuanikia nguo, juu ya sahani iliyoandaliwa mezani. Kisha mpira unabiringika kwenye majani, na puto linanasa kwenye nyaya za simu. Basi. Hatukuoneshwa kitu, na tumeelewa yote. Muuaji mwenyewe ana wimbo anaoupiga kwa mluzi, na anayekuja kumtambua ni muuza maputo kipofu.

Ila ningeambiwa nichague moja tu ya kumfundishia kijana anayeanza kazi, ningechukua Un condamné à mort s'est échappé ya Robert Bresson, ya 1956. Mfungwa wa Wajerumani katika gereza la Montluc, Lyon, Ufaransa, mwaka 1943, anapanga kutoroka. Karibu muda wote tuko naye kwenye seli, kwa hiyo gereza zima tunalijua kwa masikio: funguo za askari zinazogonga vyuma, tramu mtaani, kijiko kinachosuguliwa kwenye sakafu mpaka kiwe patasi. Usiku wa kutoroka, akiwa juu ya paa na mwenzake, wanasikia kitu kinalia kwi-kwi-kwi huko chini, wasijue ni nini. Wanakuja kugundua ni askari wa doria anayezunguka kwa baiskeli kati ya kuta mbili. Baiskeli mbovu tu, na mimi kila nikiirudia filamu hiyo naacha kupumua.

Sasa turudi kwetu. Filamu zetu nyingi zina ugonjwa wa kinanda. Mgonjwa hajakata roho, kinanda kimeshaanza kulia. Wapenzi hawajatazamana, kinanda. Watu hudhani ni suala la ladha. Mara nyingi ni plasta ya kuziba ukuta uliopasuka: mazungumzo yamerekodiwa pembeni ya jenereta, bajaji zinapita, na kila picha ikikatwa ile kelele ya nyuma inaruka. Muziki unamwagwa juu ili mruko usisikike. Dawa yake haina gharama. Kabla hamjahama eneo, watu wote wanyamaze na nirekodi ukimya wa mahali pale kwa sekunde 30 au dakika nzima. Ukimya huo ndio nitakaoutandika chini ya mazungumzo baadaye, na viraka havitaonekana. Ninaomba hivyo kila siku, na kila siku kuna anayeniambia jua linazama.

Na hoja ya vifaa duni siikubali, kwa sababu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène, 1966. Sauti ziliingizwa baadaye, na sauti ya Diouana, msichana wa Senegal anayefanya kazi za ndani Ufaransa, si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona, bali ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Sembène hakulificha hilo, alilitumia. Mbele ya mabosi wake Wafaransa kule Antibes, Diouana haongei zaidi ya kuitika. Ndani ya kichwa chake anazungumza kwa ufasaha na hasira, na ni sisi tu tunaomsikia.

Oppenheimer ya Christopher Nolan, inayohusu mtu aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki, imenigawa. Mlipuko wa Trinity, jaribio la kwanza la bomu hilo, ni sahihi kabisa: mwanga unajaa, na sauti haiji. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, na kibanda cha uongozi kilikuwa umbali wa kilomita 9 hivi, kwa hiyo kishindo kilihitaji karibu nusu dakika kufika. Nolan anatuachia pumzi za watu tu. Lakini kwingine muziki wa Ludwig Göransson, mzuri kweli wenyewe, unapigwa hata juu ya watu wanaobishana ofisini, na maneno yanazama.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, ndiyo ninayowapa waongozaji wetu waisikilize. Zanzibar ya ukoloni imo ndani ya taarabu, na taarabu hiyo ina mwenyewe: Mwajuma, anayechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa kweli wa taarabu. Anapoimba, watu waliomo chumbani wanamsikia, nasi tunamsikia pamoja nao.