Birika ishirini juu ya darasa: bati, jua la Kisumu na programu ya bure

Mtu wa Kisumu akinipigia simu kuhusu joto la nyumba, swali huwa ni moja tu, ninunue feni ngapi ama niweke eisi moja kwa moja. Mimi namuuliza bati lake ni la rangi gani na juu ya silingi kuna nini. Wengine hukasirika, wanaona nawazungusha.

Lakini angalia hii hesabu. Mchana bila mawingu jua linashusha karibu wati 1000 kwa kila mita mraba ya paa. Darasa la mita 10 kwa 6, hizo ni wati 60,000, na bati lililoshika kutu linameza kama asilimia 80 ya hizo, yaani ni sawa na kupanga birika za stima ishirini na kitu juu ya vichwa vya watoto na kuziwasha zote. Joto nyingi hupeperushwa na upepo, ile inayobaki ndo inashuka chini, na hapo kalamu inaisha nguvu juu jua linasonga, upepo unabadilika, ukuta nao una kumbukumbu yake, unashika joto na kulitoa baadaye.

Ndo naingia EnergyPlus, programu ya kompyuta ya kupiga hesabu ya joto la jengo. Ni ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ilitoka 2001 ikarithi mbili za zamani, BLAST na DOE-2, na ni chanzo huria kwa hivyo hulipi kitu na unaweza fungua msimbo uone ilipikwa aje. Ukiifungua usitarajie picha. Inasoma faili mbili za maandishi, moja ya jengo na moja ya hali ya hewa yenye saa zote 8,760 za mwaka, halafu inapiga hesabu ya joto la kila chumba hatua kwa hatua. Kwa ile ya jengo kila kipengele kinafuatwa na koma na cha mwisho na nukta mkato, ukikosea hapo utakesha, nimewahi kesha. Ukiogopa maandishi tumia OpenStudio, hiyo inakaa juu ya EnergyPlus na inakupa vitufe. Mwanga wa madirisha mimi huachia Radiance, nayo pia ni ya bure.

Sasa aibu yangu. Kazi ya kwanza ya madarasa huku nilitumia faili ya hali ya hewa ya Nairobi juu ndo ilikuwa kwa laptopu. Majibu yakatoka matamu, watoto wamepoa kabisa, nikafurahi siku mbili nzima. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130! Programu haikulalamika, ilipewa baridi ikarudisha baridi. Nikabadilisha faili, darasa likageuka jiko. Halafu likawa jiko kupita kiasi, na hapo kosa lilikuwa lingine, nilikuwa nimechora chumba kama mkebe uliofungwa wakati darasa lenyewe lina nafasi kati ya ukuta na bati ya kupitisha ngumi. Niliporudi na tepu kupima hiyo nafasi ndo namba zikaanza kufanana na kile kipimajoto kilisema.

Kitu kilichonipa shida zaidi ni madirisha ya magharibi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hauna maneno, paa likitokeza sentimita 60 tu, hata Juni na Desemba jua la adhuhuri linapata kivuli cha karibu mita 1.4 ukutani. Magharibi ni hadithi tofauti. Mwezi wa tatu, kitu saa kumi na dakika hamsini jioni, jua limeshuka mpaka nyuzi 30 na hizo sentimita 60 zinakupa kivuli cha sentimita 35, kioo chote kinaungua. Na upepo wa ziwa wa alasiri, ule mama wa samaki anangojea ndo apumue, unatoka huko huko. Ukiziba dirisha umeziba upepo. Nilijaribu matoleo kama kumi na moja, kila moja chini ya dakika kwa laptopu yangu ya zamani, na lililonishawishi ni dirisha libaki pale pale lakini liwekewe mbao za kusimama wima kwa nje, zimeelekezwa kusini kidogo.

Lakini hakuna mbao iliyoshusha joto kama kupaka bati rangi nyeupe na kutandika kitu juu ya silingi. Feni zilikuja nambari tatu.

Shule imechagua rangi kwanza, silingi inangoja pesa. Juzi fundi akanipigia, anauliza kama ile krimu imebaki kwa stoo inahesabika kama nyeupe. Nikamwambia ngoja niijaribu kwa kompyuta, bro, usifungue mkebe bado.