Je, wajua? Freemason walifikaje Mombasa, na mbona loji yao inaogopwa hivi

Taja Freemason, kile chama cha udugu na siri chenye matawi yanayoitwa loji, kwenye baraza yoyote Mombasa, iwe Kuze iwe Majengo, kahawa haijapoa mtu ashakwambia ati kuna nyumba yao haina madirisha, ati usiku wanalala ndani ya majeneza, na ati anayetaka pesa lazima amtoe mtu wake wa karibu. Sisi watu wa pwani kusingiziwa majini tushazoea, kila mgeni wa bara akishuka pale Miritini cha kwanza anauliza kama paka wa Mombasa ni paka kweli. Lakini hii ya Freemason ina historia yake, na haianzi na jini hata mmoja, inaanza na mafundi wa mawe.

Zamani Uingereza na Scotland makanisa makubwa na ngome zilijengwa kwa mawe ya kuchonga, kazi moja inaweza kumaliza kizazi na bado haijaisha, na fundi akimaliza sehemu yake anafunga virago anaenda saiti nyingine ambako hakuna anayemjua. Cheti hakuna, wengi hata kusoma hawajui, sasa msimamizi atajuaje kama huyu ni fundi kamili alipwe pesa ya fundi ama ni mwanagenzi aliyekuwa akibeba maji tu? Mafundi wa Scotland wakawa na neno lao la siri na namna yao ya kutambuana, aliyefuzu ndio anaijua. Yaani siri ilikuwa ni ya kulinda mshahara, basi. Na loji yenyewe ilikuwa kile kibanda cha pale saiti, mafundi wanachongea mawe humo, wanakula humo na wanaamuliana ugomvi humo humo. Kuna loji Edinburgh ina kumbukumbu za vikao tangu 1599.

Baadaye wakaanza kuingia watu ambao nyundo hawajawahi kuishika. Elias Ashmole, msomi tu na mkusanyaji wa vitu vya kale, aliingizwa huko Warrington 1646. Kwa hesabu yao wenyewe, tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London zilikutana kwenye baa karibu na kanisa la St Paul's zikaunda loji kuu ya kwanza, na hapo mambo ya kujenga kwa mawe yakabaki jina na alama tu: bikari, skwea, timazi, pimamaji, vyombo ambavyo fundi yeyote wa Changamwe anavyo kwenye mfuko wake saa hii. Ngazi nazo baadaye zikaja kuwa tatu, mwanagenzi, fundi, na fundi mkuu.

Sasa kutoka baa ya London mpaka kisiwa cha Mvita ilikuwaje? Fuata meli na jeshi. Kulikuwa na vikosi vya Waingereza vilivyopewa hati ya loji ya kusafiri nayo, kambi ikihama loji inahama. Calcutta walikuwa nayo tangu karibu 1730. Bombay mwaka 1843 ikaanzishwa loji iliyowapokea Wahindi wenyewe, Rising Star of Western India, Waparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, wakiwa mbele. Na huko India raia wa kawaida walipoona wanaume wenye suti wanaingia ndani mlango unafungwa hawaambiwi kinachofanyika, waliziita zile nyumba jadoo ghar, nyumba za uchawi. Kwa hivo hata uvumi wetu si wa kwanza, umepanda jahazi la Bombay kama biriani.

Huku kwetu Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme 1888, serikali yao ikachukua usukani 1895, na 1896 reli ikaanza kutandikwa kutoka Mombasa. Nairobi ikafikiwa 1899, ziwa Victoria 1901. Na hapa kuna kitu kizuri sana cha kukuonyesha hawa watu walikuwa na haraka kiasi gani: kila loji iliyo chini ya London inapewa hati na namba, na namba zinapanda kadri loji mpya zinavyozaliwa duniani. Lodge Harmony ya Nairobi ni namba 3084, ya 1905. Manake miaka sita tu tangu reli ifike kwenye kile kinamasi, mji haujashika umbo, maji yenyewe ya shida, na wao washaandikiana na London hati imefika. Leo loji za upande wa Kiingereza Kenya, Uganda, Tanzania na Seychelles ziko chini ya uongozi mmoja wa wilaya ya Afrika Mashariki, na Mombasa ina zake.

Mbona walizitaka hivyo? Hebu mfikirie karani wa forodha ama injinia wa reli anashuka bandarini mwaka 1900 na kitu. Mswahili akienda Lamu ana binamu, hana binamu ana shemeji, hana shemeji kuna mtu alisoma chuo kimoja na babake. Mwingereza hapa hakuwa na ukoo, na malaria ilikuwa inaua. Loji ilimpa chakula cha jioni na watu wanaomwita ndugu, ilimpa barua ya kumtambulisha akihamishwa, na akifa kuna wa kumzika na mfuko wa kumwangalia mjane. Na biashara pia jamani, tusidanganyane, watu wa meli, wa benki na wa serikali wakiketi meza moja kila mwezi mambo yanajuana. Ilikuwa dunia ya wakubwa wa koloni, na kila mtu mpya alipigiwa kura na waliotangulia, wewe fikiria mwenyewe mlango ulikuwa mpana kiasi gani kwa Mwafrika.

Ndani kuna nini basi? Sakafu ya miraba myeusi na myeupe, kiti cha mkuu upande wa mashariki, na mlinzi nje ya mlango na upanga wake. Kitabu kitakatifu lazima kiwe wazi mezani, Biblia, na kwa wanachama wa dini nyingine Qurani ama Gita ya Wahindu, na asiyeamini Mungu hapokelewi kabisa kwenye loji za mfumo wa Kiingereza. Kubishana dini na siasa ndani ya kikao ni marufuku. Ngazi unapanda kwa sherehe, kuna viapo na maneno ya kukariri, na hili Mijikenda halitawashangaza kwa sababu wazee wa kaya nao wana ya kwao ambayo hayasemwi nje ya msitu.

Jeneza nalo si uongo mtupu. Ngazi ya tatu inaigiza kisa cha Hiram Abiff, fundi mkuu wa hekalu la Nabii Suleiman, aliyeuawa na mafundi wenzake kwa kukataa kutoa siri ya kazi. Ni mchezo wa kuigiza, na picha ya jeneza imo kwenye ubao wao wa mafunzo. Lakini mimi naona hapa ndipo pwani tulipotia chumvi zaidi, kwa sababu mtoto yeyote aliyekaa chuoni kwa maalim anajua nani waliomfanyia kazi Nabii Suleiman, Qurani inasema ni majini. Sasa uniambie kuna kundi la siri linalozungumzia jengo la Suleiman, usiku, mlango umefungwa, kisha usitegemee majini yatajwe? Hapana bwana.

Shetani kwa upande wake aliletwa na Wazungu. Papa Clement wa 12 aliwapiga marufuku Wakatoliki kujiunga tangu 1738, akilalamikia hasa ile siri na viapo. Halafu akaja Mfaransa mmoja, Leo Taxil, akauza vitabu kwa miaka ati Freemason wanaabudu shetani, watu wakanunua, mpaka Aprili 1897 akasimama mbele ya umati Paris akasema mambo yote alitunga. Watu walikasirika kweli, lakini stori zake hadi leo zinazunguka kwenye WhatsApp. Upande wa Waislamu, baraza la fiqhi, yaani sheria ya dini, la Makka lilitoa uamuzi 1978 kwamba haifai kujiunga, kwa hivo Mombasa padri na sheikh hapa wako pamoja. Illuminati ni kitu kingine kabisa, kikundi cha Bavaria, Ujerumani, cha 1776 kilichofutwa na serikali ndani ya miaka kumi.

Hayo matangazo ya kubandikwa kwenye nguzo za stima, "jiunge na Freemason upate gari na nyumba, piga namba hii", ni matapeli tu. Loji ya kweli inataka mwanachama akupendekeze, mwingine amuunge mkono, uhojiwe, kisha wapige kura kwa gololi kisirisiri, nyeusi zikifika idadi ya kanuni umekataliwa. Na pesa inatoka kwako, ada ya kuingia, ada ya kila mwaka, chakula, na michango ya sadaka.

Mfano upo karibu. Sir Andy Chande, aliyezaliwa hapa hapa Mombasa 1928 na kukulia Tanganyika, aliongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakuwahi kulificha hilo. Familia yake ilikuwa na viwanda vya kusaga unga. Mwaka 1967 serikali ya Nyerere ilivitaifisha, kisha ikamwajiri yeye mwenyewe kusimamia shirika la umma la kusaga nafaka.