Data imo ndani ya simu, mbona skrini inaganda?

"Kinachochelewa ni mtandao. Kilichomo ndani ya simu husomwa papo hapo."

Dhana hii huwaumiza zaidi wenye simu za bei nafuu. SQLite, hifadhidata inayokuja na kila simu ya Android na iPhone, husoma faili kwenye hifadhi ya simu, na kusoma faili kunakula muda. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16 tu kwa kila mchoro. Ukisoma mauzo ya mwaka mzima kwenye uzi mkuu (main thread), yaani mfululizo wa kazi uleule unaochora skrini na kupokea mguso, orodha inakwama chini ya kidole. Mguso ukikosa jibu kwa sekunde 5, Android humtangazia mtumiaji kwamba programu yako haiitikii. Ndiyo maana Room, maktaba ya Android ya kutumia SQLite, hukataa kusoma kwenye uzi huo, hadi uiruhusu kwa allowMainThreadQueries. Tafadhali usiiruhusu.

"Mimi query() naiita kwenye uzi wa pembeni, kwa hiyo niko salama."

Hapa hata wazoefu huteleza, nami niliteleza kwa muda mrefu. Katika Android, query() huandaa swali na kukupa Cursor, kifaa cha kupitia majibu mstari kwa mstari; mistari yenyewe bado haijasomwa. Usomaji huanza unapoita getCount() au moveToFirst(). Ukiichukua Cursor hiyo na kuifungulia kwenye uzi mkuu, mzigo umeurudisha ulikoutoa. Imalize kulekule pembeni: soma mistari yote unayohitaji, igeuze kuwa orodha, ifunge Cursor, ndipo ukabidhi orodha kwa skrini.

"Utafutaji ukiwa mzito, ongeza faharasa (index)."

Inategemea unatafutaje. Chukua programu ya duka la dawa. Faharasa kwenye safu ya jina husaidia sana ukitafuta jina kamili. Muuzaji akiandika "cillin" nawe ukauliza LIKE '%cillin%', yaani jina lolote lenye "cillin" popote ndani yake, SQLite haijui neno linaanza na nini, hivyo inapitia jedwali lote, faharasa iwepo isiwepo. Usikisie: tanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako, SQLite ikuonyeshe itatafutaje. Ukiona SEARCH, inaruka moja kwa moja hadi panapohusika. Ukiona SCAN, inapitia mstari kwa mstari.

"Picha zikae humohumo jedwalini."

Dirisha la Cursor, yaani kumbukumbu inayobeba mistari iliyosomwa, kwa kawaida ni MB 2. Mstari mmoja ukizidi hapo, kusoma kunashindikana. Picha iwe faili, jedwalini iandikwe njia yake tu.

"Nimenakili faili la .db kwenye kompyuta, rekodi za leo hazimo. Hazikuhifadhiwa."

Huenda zilihifadhiwa. Katika hali ya WAL (write-ahead log), ambayo Room huitumia kwenye simu nyingi, maandishi mapya hukaa kwanza kwenye faili la jirani linaloishia na -wal. Funga programu, nakili mafaili yote mawili yakae folda moja, kisha fungua tena.