Kiacheni Kichwa, Tazameni Nyonga

Jumamosi asubuhi, upepo wa kusi umeshaanza, mwanafunzi wangu wa gofu kaupiga mpira utosini. Ukatambaa kwenye nyasi hatua thelathini hivi, ukasimama. Sijafungua mdomo, wenzake watatu wameshampigia kelele: "Umeinua kichwa!" Akaitikia kwa adabu, akainama zaidi, akakaza shingo, akaupiga utosini tena.

Sentensi hiyo imenichosha. Hapa Mombasa, wachezaji wa mashimo 9 pale Mama Ngina, wa mashimo 18 kule Nyali, na hata makedi wanaowabebea fimbo, wote wana dawa hiyo moja kwa kila ugonjwa. Watazameni Annika Sörenstam na David Duval, mabingwa wa gofu ya kulipwa: macho yao yalikuwa yameshageukia mbele fimbo inapoufikia mpira. Duval alimaliza raundi ya mashimo 18 kwa mikwaju 59 tu mwaka 1999, Sörenstam naye akafanya hivyo hivyo mwaka 2001. Kama kugeuza kichwa ni kosa, hao wawili wasingetoka hata tii ya kwanza, pale pa kuanzia.

Kichwa kimekaa juu ya uti wa mgongo, na uti umekaa juu ya nyonga. Unaposimama mbele ya mpira unainama kutoka nyongani, makalio yako nyuma, na mikono inapata nafasi ya kupita. Ukianza kuteremsha fimbo kwa kusukuma kiuno kuelekea mpira, nafasi ile imekwisha. Mwili hauna budi kusimama wima, viwiko vinajikunja, fimbo inapita juu. Kichwa kimeinuka, ndiyo, lakini kimeinuliwa. Ukikishikilia kwa nguvu huku kiuno kinakuja mbele, unaongeza maumivu ya mgongo tu.

Kinachotakiwa ni hiki, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kabla fimbo haijamaliza kupanda, mkandamizo wa miguu uwe umeshaanza kurudi mguu wa kushoto. Nyonga zifuate, kisha kifua, kisha mikono, fimbo mwisho. Mguu wa kushoto ukinyooka, nyonga ya kushoto irudi nyuma, isije mbele. Mtazameni mvuvi akirusha kimia: anakanyaga kwanza, kiuno kinageuka, mikono inafuata, wavu unafunguka mwisho kabisa. Akianza na mikono, wavu unaanguka kama furushi.

Hapa nakiri jambo. Kwa miaka nilifundisha "zungusha kiuno haraka," na naamini niliharibu swingi za watu, yaani namna wanavyozungusha fimbo. Anayezungusha kabla uzito haujafika kushoto hutupa bega la kulia nje, fimbo inaukata mpira kutoka nje kuja ndani, na slaisi, yaani mpira kupinda kwenda kulia, inaanzia hapo. Tena kuteremsha fimbo ni kama robo sekunde tu. Hakuna anayeweza kujiamrisha hatua zote hizo ndani ya muda huo, kwa hiyo nampa mtu jambo moja la kuhisi. Tatizo ni kwamba linalomfaa huyu humharibia yule, nami huligundua baada ya kujaribu, si kwa kumwona tu akisimama.

Yule wa Jumamosi nilimwekea kiti cha plastiki nyuma, mgongo wa kiti ukigusa makalio yake yote mawili. Fimbo ikipanda, kalio la kulia libaki kitini. Ikishuka, la kushoto lichukue zamu, wala asiachane na kiti mpaka mpira uondoke. Polepole, bila mpira, mara kumi. Kisha mpira, nusu swingi, fimbo namba 7. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ibaki mfukoni, maana akiiona tu, kiuno kinakimbilia mbele.

Mpira wa nane ndio ulioinuka. Ulipita juu ya mnazi mfupi, na yeye alikuwa ameshainua macho kuufuata.