Mabega yameshapanda: kuuandaa mwili kabla ya kipupwe

Mwezi wa tano ukielekea ukingoni, mvua imeshakatika, mahindi yanakaukia shambani na upepo wa kusi unaanza kuuma alfajiri. Kuanzia Juni hadi Agosti, sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete tunaishi na baridi ambayo mgeni wa kutoka Dar es Salaam haiamini mpaka ashuke stendi. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na huko Kitulo, juu ya mita 2,600, kuna asubuhi majani huamka meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Ushauri mwingi wa kutuliza mwili wakati wa baridi unaosambaa mitandaoni umeandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao shida yao kubwa ni giza. London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwetu, tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba ni kama saa moja tu. Jua tunalo. Kinachotusumbua ni baridi yenyewe, na jinsi mwili unavyojikunja kuikabili.

Mtazame dereva wa bodaboda pale Makambako, saa kumi na mbili asubuhi, anasubiri abiria. Viwiko vimebana mbavu, kidevu kimezama kwenye kola, mabega yamepanda karibu yaguse masikio, meno yameumana. Mwili unafanya kazi yake: mishipa midogo ya damu kwenye ngozi inasinyaa ili joto lisipotee, na misuli inakaza, ikibidi inatetemeka, ili kuzalisha joto jingine. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba saa tano jua limewaka, sweta limeshafungwa kiunoni, na mabega bado yako palepale juu. Kufika jioni shingo inauma, kichwa kinagonga, na mtu ana hasira ambazo hajui zimetoka wapi. Julai na Agosti watu wa namna hii hujaa kwenye benchi letu la fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na wengi wameshameza dawa za maumivu bila mafanikio. Ndiyo maana tunasema anza mazoezi sasa, baridi haijakolea.

Ukimwambia mtu "legea", mara nyingi halegei, kwa sababu hajui kwamba amekaza. Kwa hiyo ninayoipenda zaidi ni njia ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyoichapisha kitabuni mwaka 1929: kaza kwanza kwa makusudi, ndipo uachie. Kaa kwenye kigoda au ukingo wa kitanda. Kunja ngumi zote mbili, hesabu hadi tano, kisha achia ghafla na uache mikono ilale mapajani. Usikimbilie hatua inayofuata. Kaa hapo kidogo usikie damu ikirudi vidoleni na joto lake. Halafu pandisha mabega kwa makusudi hadi masikioni, hesabu tano, yaachie yaanguke. Wengi hushangaa wanapogundua kwamba yalikuwa na mahali pa kushuka zaidi. Endelea na taya, tumbo, mapaja, nyayo. Mwenye presha ya kupanda akaze nusu ya nguvu zake na asizuie pumzi hata kidogo, maana kukaza huku umezuia pumzi hupandisha presha.

Njia nyingine haikazi chochote. Unalala chali, unapeleka akili kwenye unyayo mmoja, kisha kwenye kifundo, goti, nyonga, hadi utosini, ukisikiliza tu: hapa pana joto, hapa pana ganzi, hapa panavuta. Imo katika mafunzo ya wiki nane ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, akiwalenga wagonjwa wa maumivu sugu. Wapo wanaoniuliza kama hii ni ibada ya kigeni. Siyo. Haina maneno ya kukariri wala mungu wa kuombwa, na anayetaka kusali baada ya hapo atakuta ametulia. Mkeka wa nyumbani unatosha, usiuziwe kingine.

Pumzi ni fupi kueleza. Mtu mzima aliyepumzika huhema mara 12 hadi 20 kwa dakika. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, na utakuwa umeshuka hadi mara sita hivi. Unapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua, kazi inayofanywa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Pitishia hewa puani, ipate joto kabla ya kufika kwenye mapafu. Wenye pumu wataona tofauti. Ukisikia kizunguzungu, acha, hema kawaida.

Lini ufanye? Najua hakuna mkulima mwenye nusu saa ya kukaa bure wakati wa kuvuna. Lakini kuota jua la saa nne tunakujua tangu utotoni, na ndipo pa kuanzia: simu ibaki ndani, mgongo uelekee jua, mabega yakazwe na kuachiwa mara mbili tatu, kisha pumzi kumi ndefu. Dakika tano.

Sasa lile linalonitisha. Usifanye mazoezi haya, wala usilale, kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu hudhani ameanza kutulia. Jiko likae nje, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu. Na komoni, pombe yetu ya kienyeji, haikupashi moto: pombe hutanua mishipa ya ngozi, unasikia joto huku mwili ukilipoteza.

Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, ganzi ya upande mmoja, au mdomo kupinda hayasubiri mazoezi, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo. Huzuni au kukosa usingizi kunakozidi wiki mbili nako kupelekwe kwa daktari. Kwa shingo na mgongo visivyopoa baada ya wiki kadhaa za kujaribu, njoo idara ya fiziotherapia ya hospitali iliyo karibu nawe, na ndani ya hayo masweta matatu vaa fulana nyepesi, maana lazima tuyaone mabega.